Kushona gauni la miaka ya vita kwa kiolezo cha zamani: mwongozo kwa anayeanza

Maswali ninayoulizwa kuhusu violezo hivi ni yale yale. "Nimepata paterni ya 1943, saizi 16, na mimi huvaa 14 dukani. Mbona hainiingii?" "Karatasi haina mstari hata mmoja, ina matundu tu. Nikate wapi?" "Zipu inakaa wapi?" "Kwa nini mabega yameinuka hivi?" Nayajibu yote hapa kwa kufuata mpangilio wa kazi yenyewe, kuanzia unapofungua bahasha hadi unapokunja pindo.

Ninazungumzia violezo vya karatasi vya nguo za kike vilivyouzwa Uingereza na Marekani wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, pamoja na vile vya mwaka mmoja au miwili baadaye, kabla Christian Dior hajazirudisha sketi pana Februari 1947. Mfano wetu utakuwa gauni la mchana, maana lilichapishwa kwa wingi na linafundisha karibu kila kitu: kipande cha bega chenye vikusanyo (kitambaa kilichovutwa kwa uzi kikajikusanya) chini yake, mikono mifupi iliyoinuka kidogo begani, kiuno kilichobana, sketi ya vipande inayoishia chini kidogo ya goti, na uwazi wa kuvalia ubavuni kushoto. Ukiliweza gauni hili, blauzi na suti za wakati ule hazitakusumbua.

Kwa nini gauni limekatwa hivi

Nitasema machache tu, kwa sababu ukiyajua haya hutakosea mengi mbele ya safari.

Uingereza ilianza kugawa nguo kwa kuponi tarehe 1 Juni 1941. Mtu mzima alipewa kuponi 66 kwa mwaka wa kwanza, na baadaye zikapunguzwa. Gauni la sufu lilitoka kwa kuponi 11, la pamba au rayoni kwa 7, na soksi ndefu kwa 2. Mgao huo haukuisha hadi Machi 1949. Mwaka 1942 zikaongezwa kanuni za kubana watengenezaji: gauni lisiwe na zaidi ya mifuko miwili, vifungo vitano, mishono sita kwenye sketi, na marinda mawili ya sanduku au manne ya upande mmoja. Marekani haikutoa kuponi za nguo, lakini amri ya serikali iliyoitwa L-85, ya mwaka huohuo, iliweka vikomo vyake: upindo na mkanda visizidi upana wa inchi 2, jaketi la suti lisizidi urefu wa inchi 25. Hariri ya Japani ilikuwa imekatika na nailoni ilikwenda kwenye parachuti. Rayoni na pamba ndizo zilizobaki kwa mwanamke wa kawaida.

Kampuni za violezo zilichora kwa kufuata mkondo huo. Ndiyo maana upana umewekwa mahali ambapo mwili unauhitaji tu: vikusanyo juu ya matiti, nafasi kidogo kwenye kichwa cha mkono, rinda moja mbele ya sketi ili mguu upate kupiga hatua. Kila sentimita imefikiriwa. Wanaoanza wengi huiona sketi kuwa nyembamba, wakaipanua, wakaongeza marinda, na nguo ikapoteza umbo lake lote. Nakusihi ushone gauni la kwanza kama lilivyochorwa, upana ule ule. Ukubwa utaurekebisha kwa mwili wako; muundo uuache.

Vitu vya kuandaa

- Kiolezo chenyewe, pamoja na bahasha na karatasi ya maelekezo
- Karatasi nyembamba inayoonyesha kilicho chini yake, ya kunakilia. Karatasi ya kaki haifai hapa. Itakufaa baadaye ukitaka nakala ngumu ya kutunza
- Penseli, rula ndefu, futi ya kupimia yenye inchi upande mmoja na sentimita upande wa pili
- Vitu vizito vidogo vya kukandamizia karatasi: mawe laini, vikombe, chochote kisichochafua
- Amerikani (pamba isiyopaushwa), mita 3 hivi, kwa nguo ya majaribio
- Kitambaa cha gauni (ununuzi wake uko hatua ya 7, usikimbilie dukani)
- Uzi wa rangi ya kitambaa na uzi wa rangi nyingine kabisa wa kupigia bandi (mishono mirefu ya muda, inayotolewa baadaye)
- Vifungo vya kubonyeza vya chuma 6 hadi 8, kulabu 2 na vitanzi vyake
- Utepe wa pamba usiovutika, upana wa sentimita 1, urefu wa kiuno chako na ziada kidogo
- Pini, sindano za mkono, chaki, mkasi wa kitambaa na mwingine wa karatasi
- Pasi, na kitambaa cha pamba cha kufunika unapopiga pasi rayoni

Cherehani yoyote inayoshona mshono ulionyooka inatosha. Ya miguu au ya mkono ndiyo waliyokuwa nayo wanawake wengi wa wakati ule, na mishono yote ya gauni hili inawezekana kwayo.

Hatua kwa hatua

1. Kagua bahasha kabla ya kufanya lolote. Tandika vipande mezani na uvilinganishe kimoja kimoja na mchoro ulio nyuma ya bahasha au kwenye karatasi ya maelekezo. Vipande vidogo ndivyo vinavyopotea: kola, kipande cha ndani cha shingo, mfuko, mkanda. Kama unanunua kwa mtu, muulize hili kabla ya kulipa. Kama unataka kujua mwaka, angalia maandishi madogo kwanza. McCall mara nyingi iliandika mwaka kwenye violezo vyake, wakati Butterick haikuwa na desturi hiyo. Chuo Kikuu cha Rhode Island kina hifadhi kubwa ya violezo vya biashara unayoweza kuitafuta kwa jina la kampuni na namba. Jina nalo husaidia: Hollywood Pattern, kwa mfano, ilianza 1932 na kufa miaka ya 1940, kwa hiyo ukikuta bahasha yake yenye mabega mapana na sketi fupi, haiko mbali na vita.

2. Nakili. Usikate karatasi ya asili, wala usiishone, wala usiibandike. Karatasi hizi zina miaka zaidi ya 80. Nyingine zinakatika kwenye mikunjo ukizigusa tu. Zinyooshe kwa pasi ya moto mdogo kabisa, bila mvuke wala maji, kisha ziweke chini ya karatasi yako ya kunakilia na uzikandamize kwa vitu vizito badala ya pini. Chora kila ukingo, kila pembe, kila tundu, kila mkato mdogo wa pembeni. Andika kwenye kila nakala: jina la kipande, namba ya kiolezo, saizi, na idadi ya kukata. Ukimaliza, rudisha asili kwenye bahasha. Palipochanika usipabandike selotepu. Gundi yake hugeuka njano na kuila karatasi. Kisogeze tu kipande kilipochanika hadi kingo zikutane, unakili hivyo hivyo.

3. Soma matundu. Hapa ndipo wengi hukwama. McCall ilikuwa imeanza kuchapa mistari kwenye karatasi tangu miaka ya 1920, lakini kampuni nyingine nyingi ziliendelea kuuza karatasi tupu iliyokatwa tayari na kutobolewa. Matundu ndiyo maandishi yake. Kwa kawaida kila kampuni huyafafanua kwenye karatasi ya maelekezo, na ufafanuzi wa kiolezo chako ndio wa kufuata, lakini mara nyingi utakuta hivi: matundu makubwa yaliyopangwa mstari mmoja mrefu katikati ya kipande yanaonyesha mwelekeo wa mtande, yaani uzi unaokwenda sambamba na ukingo wa kitambaa. Matundu makubwa yaliyo karibu na ukingo ulionyooka yanakuambia uweke ukingo huo kwenye mkunjo wa kitambaa. Matundu madogo huonyesha dati (vile vikunjo vyenye ncha vinavyobana kiuno na kifua), marinda, mwanzo na mwisho wa vikusanyo, na mahali pa vifungo. Herufi au namba iliyotobolewa katikati ni jina la kipande.

Yaunganishe matundu ya dati kwa penseli kwenye nakala yako mara moja, ukitazama mchoro. Ukiyaacha kama nukta tu, siku ya kukata utayachanganya.

Kisha tafuta nafasi ya mshono. Usichukulie kwamba ni sentimita 1.5 kama violezo vya leo. Wengi walitumia nusu inchi (sentimita 1.3), wengine zaidi, na wapo walioweka nafasi kubwa ubavuni na ndogo shingoni kwenye kiolezo hicho hicho. Imeandikwa kwenye maelekezo. Chora mstari wa mshono kwenye nakala, kwa penseli ya rangi nyingine. Ukikosea hapa kwa milimita 3 tu, kwenye sketi yenye mishono sita umepoteza sentimita 3.6 za kiuno.

4. Pima mwili, na pima karatasi. Sahau saizi unayovaa leo. Saizi za wakati ule zilikwenda kwa kifua, na kwa violezo vya Marekani zilikuwa hivi:

Saizi 12: kifua inchi 30 (sm 76), kiuno 25 (64), nyonga 33 (84)
Saizi 14: kifua 32 (81), kiuno 26½ (67), nyonga 35 (89)
Saizi 16: kifua 34 (86), kiuno 28 (71), nyonga 37 (94)
Saizi 18: kifua 36 (91), kiuno 30 (76), nyonga 39 (99)
Saizi 20: kifua 38 (97), kiuno 32 (81), nyonga 41 (104)

Ukivaa 14 ya leo na ukanunua 14 ya 1943, umenunua nguo ya mtu mdogo kuliko wewe. Nunua kwa kifua. Kiuno na nyonga hurekebishwa kwa urahisi. Mabega na shingo vina kazi. Na kama una matiti makubwa kwa mwili mwembamba, pima juu yake, futi ipite chini ya kwapa na juu ya matiti, na utumie kipimo hicho kuchagua saizi. Utaongeza nafasi mbele peke yake, na mabega yatakaa.

Halafu pima karatasi yenyewe, ukitoa nafasi za mishono na dati. Nusu ya mbele na nusu ya nyuma, jumlisha, zidisha kwa 2. Linganisha na mwili wako. Kwa gauni la mchana la kitambaa kisichovutika tafuta ziada ya sentimita 5 hadi 10 kifuani na kama 2 hadi 4 kiunoni. Pima pia urefu wa mgongo, kutoka mfupa wa shina la shingo hadi kiunoni. Kiuno cha magauni haya kinakaa kwenye kiuno halisi, pale mwili unapojikunja ukiinama upande, juu ya mahali ambapo wengi tumezoea kufunga suruali.

Kumbuka pia kwamba aliyekusudiwa alivaa nguo ya ndani ya kubana tumbo na nyonga. Pima ukiwa umevaa sidiria utakayovalia gauni, si nyingine.

5. Kuza au punguza nakala. Tuseme kiolezo ni kifua inchi 32 na wewe ni 36. Tofauti ni inchi 4, karibu sentimita 10. Mwili una robo nne (mbele kulia na kushoto, nyuma kulia na kushoto), kwa hiyo kila kipande cha nusu kinahitaji sentimita 2.5. Usiziongeze zote ubavuni. Kwapa litashuka na kupanuka, na bega litabaki dogo. Kata nakala wima kutoka katikati ya bega hadi kiunoni, itenganishe sentimita 1, ubandike karatasi katikati. Sentimita 1.5 zilizobaki ziongeze kwa mkato wa pili unaoshuka kutoka kwenye kwapa, karibu na ubavu. Fanya vivyo hivyo kwenye kipande cha bega na kwenye sketi ili mishono iendelee kukutana, na upanue mkono ili mzunguko wake ulingane na kwapa jipya.

Urefu unabadilishwa kwa kukata mlalo kati ya kwapa na kiuno. Usiongeze urefu chini kwenye mstari wa kiuno, kwa sababu dati zitahama.

6. Shona nguo ya majaribio. Najua unataka kuiruka hatua hii. Usiiruke. Tumia amerikani, ile pamba isiyopaushwa ambayo wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walikuwa wakiishusha Unguja katika karne ya 19. (Katika jimbo hilohilo, mjini Sterling, ndiko fundi Ebenezer Butterick alikoanza kuuza violezo vya karatasi vyenye saizi mbalimbali mwaka 1863. Kitambaa na karatasi vilitoka sehemu moja, na mpaka leo vinafanya kazi vizuri pamoja.) Shona sehemu ya juu na mkono mmoja kwa mishono mirefu, sketi ishikize kwa bandi. Bega litengenezee pedi (tazama hatua ya 11) kabla ya kujaribu. Bila pedi utaona kitambaa kimelegea juu ya kifua, utakibana, na siku ukiweka pedi gauni litapanda juu.

Kaa, inua mikono, fikia kitu kilicho juu. Andika marekebisho kwenye amerikani kwa kalamu, kisha yahamishie kwenye nakala ya karatasi.

7. Chagua kitambaa, kisha ukate. Sehemu kubwa ya magauni haya ilikusudiwa rayoni laini inayoanguka au pamba nyepesi. Kitenge kipya chenye nta ni kigumu. Vikusanyo vya kifuani vitasimama badala ya kulala. Kama moyo wako uko kwenye kitenge, chagua laini, kifue mara mbili kabla, na uchague kiolezo chenye dati au marinda badala ya vikusanyo. Epuka poliesta inayoteleza kwa gauni la kwanza. Haishiki mkunjo wa pasi, na gauni hili linashonwa kwa pasi karibu sawa na kwa sindano.

Mahesabu ya kitambaa kwenye bahasha ni ya upana wa inchi 35 au 39, na 54 kwa sufu. Vitambaa vya leo vingi ni inchi 45 au 60, kwa hiyo utahitaji urefu mdogo zaidi. Njia ya uhakika ni kupima sakafuni: weka alama za upana wa kitambaa unachotaka kununua, panga nakala zako ndani yake, pima urefu. Ongeza nusu mita kama maua yana juu na chini.

Fua kitambaa, kianike, kipige pasi. Rayoni hunywea sana ikifuliwa mara ya kwanza, na ni heri inywee kabla hujaikata. Panga vipande kwa kufuata mtande bila kubahatisha: pima kutoka mstari wa mtande hadi ukingo wa kitambaa mwanzoni na mwishoni mwa kipande, na vipimo viwe sawa. Ubavuni acha nafasi ya sentimita 2.5 hata kama kiolezo kimeweka kidogo. Siku mwili ukibadilika, utafungua mshono badala ya kushona gauni jipya.

Alama za dati na vikusanyo ziweke kwa uzi: pitisha sindano yenye uzi maradufu kwenye tabaka zote mbili, acha kitanzi, tenganisha tabaka taratibu, kata katikati. Chaki hufutika kwenye rayoni kabla hujafika mashineni.

8. Kipande cha bega na vikusanyo. Hapa ndipo gauni linapopata sura ya zama zake, kwa hiyo usiwe na haraka. Leo tungeweka vitambaa viwili uso kwa uso na kushona kwa ndani. Maelekezo mengi ya wakati ule yanataka mshono wa kupandisha: ukingo wa kipande cha bega unakunjwa ndani, unalazwa juu ya vikusanyo, na unashonwa kwa juu, mshono ukionekana.

Anza na ukingo wa chini wa kipande cha bega. Shona mstari mmoja juu ya mstari wa mshono, kitambaa kikiwa peke yake. Penye mpindo kata vijikato vidogo vinavyofika karibu na mshono bila kuugusa. Kunja ukingo ndani kwenye mshono huo, piga pasi, shikiza kwa bandi.

Sasa sehemu ya kifua. Pita mistari miwili ya mishono mirefu, mmoja juu na mmoja chini ya mstari wa mshono, kati ya matundu mawili yaliyoonyeshwa na si zaidi. Vuta nyuzi mbili za chini kwa pamoja. Sambaza vikusanyo kwa sindano mpaka visimame sawa kama meno ya kitana. Laza kipande cha bega juu yake, oanisha alama, piga bandi kwa mkono kabla ya kwenda kwenye mashine. Pini pekee hazitoshi hapa; mguu wa mashine utasukuma vikusanyo upande mmoja. Shona kwa juu, milimita 2 kutoka ukingoni, kwa mwendo wa polepole. Ukimaliza, piga pasi kwa kuingiza ncha tu kati ya vikusanyo. Ukivilaza kwa pasi nzima vinakufa.

Baada ya hapo dati za nyuma, mishono ya mabega, kola au kipande cha ndani cha shingo. Kola ya 1940 haihitaji gamu nzito ya kisasa inayobandikwa kwa pasi. Kipande cha pamba nyepesi ndani yake kinatosha.

9. Sketi na kiuno. Unganisha vipande vya sketi, ukishona kutoka pindoni kwenda kiunoni ili kitambaa kisivutike. Unganisha juu na chini, ukiacha ubavu wa kushoto wazi: karibu sentimita 10 juu ya kiuno na 18 chini yake. Juu ya mshono wa kiuno, kwa ndani, shona utepe wa pamba uliokatwa kwa kipimo cha kiuno chako. Bila utepe huo sketi huuvuta mshono, na baada ya kuvaliwa mara chache kiuno kinashuka.

10. Uwazi wa ubavuni. Zipu za chuma zilikuwa adimu wakati wa vita, kwa hiyo mwenye nguo alijifunga kwa vifungo vya kubonyeza na kulabu. Unaweza kuweka zipu, hakuna atakayekukataza, lakini vifungo vya kubonyeza vinalala vizuri zaidi kwenye rayoni. Ukingo wa mbele ushonee ukanda wa kitambaa, ugeuze wote ndani, ushike kwa mkono. Ukingo wa nyuma ushonee ukanda mwingine uliokunjwa mara mbili, ujitokeze sentimita 1.5 chini ya wa mbele. Weka kulabu kwanza, kiunoni kabisa, ndiyo inayobeba mvuto wote. Kisha vifungo vya kubonyeza kila baada ya sentimita 3 hadi 4, kile chenye kichwa kikae kwenye ukingo wa mbele.

Kosa la kawaida ni kuweka vifungo vya kubonyeza kiunoni bila kulabu. Vitafunguka ukikaa.

11. Mikono na pedi. Kichwa cha mkono ni kipana kuliko kwapa kwa makusudi. Ziada yake iende juu ya bega kama vikusanyo, dati au vijirinda, kulingana na kiolezo, na sehemu ya chini ya kwapa iwe laini bila mkunjo. Piga bandi, vaa, tazama kwenye kioo, ndipo ushone. Pedi itengeneze kwa mabaki ya kitambaa chenyewe: pembetatu iliyojazwa pamba au vipande vya blanketi, nene upande wa bega na nyembamba kuelekea shingoni. Ishike kwa nyuzi chache ili uweze kuitoa siku ya kufua.

12. Pindo. Litundike gauni usiku mzima kabla ya kukata pindo. Vipande vya sketi vilivyokatwa kwa mshazari hushuka, tena havishuki sawa. Vaa gauni pamoja na viatu, na umwombe mtu apime kutoka sakafuni kwa rula huku wewe umesimama wima bila kutazama chini. Urefu sahihi ni chini kidogo ya goti. Upindo wa sentimita 5 unatosha, na ushonwe kwa mkono.

Ukipata shida

*Shingo inapwaya.* Mara nyingi ilivutika kabla ya kushonwa. Fungua kipande cha ndani, pita mshono mmoja wa kuzuia, vuta uzi kidogo mpaka shingo irudi, kisha piga pasi yenye mvuke na ushone tena. Kwa gauni lijalo, pita mshono huo mara tu baada ya kukata.

*Mkono unabana juu ya kiwiko.* Mikono ya wakati ule ilikatwa myembamba, na hili lilipaswa kuonekana kwenye amerikani. Kama kitambaa kimeshakatwa, fungua mshono wa chini ya mkono na uongeze kipande chembamba chenye ncha mbili, chini ya kwapa ambapo hakionekani. Mafundi wa zama zile walifanya hivyo kwenye nguo za kurekebishwa.

*Sketi inajipinda upande mmoja unapotembea.* Kipande kimoja hakikufuata mtande. Hakuna pasi itakayoponya hili. Kama una kitambaa cha ziada, kata kipande hicho upya.

*Mistari ya mvuto inatoka kwapani kwenda kifuani.* Nafasi ya matiti haitoshi. Ukiwa na zile sentimita 2.5 ubavuni, zifungue kwa mbele peke yake. Zisipotosha, rudi hatua ya 5.

*Nimeondoa pedi na bega linaning'inia.* Bila pedi, mshono wa bega unapaswa kushushwa sentimita 1 hadi 1.5 upande wa mkono, ukiishia sifuri shingoni, na kichwa cha mkono kipunguzwe kiasi hicho hicho. Ni rahisi zaidi kurudisha pedi nyembamba.

*Kipande kimoja hakipo.* Kipande cha ndani cha shingo unakichora kwa kufuata shingo ya mbele na nyuma, upana wa sentimita 6. Mfuko na mkanda ni mistatili. Mkono uchukue kwenye kiolezo kingine cha miaka hiyohiyo: pima mzunguko wa kwapa la gauni lako kwenye mstari wa mshono, pima kichwa cha mkono huo, na wa mkono uzidi kwa kiasi kinachohitajika na vikusanyo kwenye mchoro wa bahasha. Usichukue mkono wa kiolezo cha kisasa. Kichwa chake ni kifupi na bega halitainuka. Kikikosekana kipande cha mbele chenyewe, usikinunue kiolezo hicho kwa ajili ya kushona.